Barua ya wazi kwa wakubwa wa Leba na mabosi wa HR: siku zangu 21 za livu, yaani likizo ya mwaka, mmezipeleka wapi?

Mheshimiwa Waziri wa Leba, waheshimiwa wa Kamati ya Leba bungeni, wakubwa wa FKE (chama cha waajiri) na COTU (shirikisho la vyama vya wafanyakazi), watu wa Mamlaka ya Bima, na nyinyi mabosi wa HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi, ambao najua mtaisoma hii kwa simu chini ya meza mkijifanya mko kwa mkutano,

Salaam aleikum na hamjambo. Mimi ni karani wa godauni hapa Shimanzi, Mombasa, mwaka wa sita huu, kazi yangu ni kusimama mlangoni na kalamu nikihesabu katoni na magunia yanayoshuka kwa lori, kwa hivyo hesabu naijua na hii barua ni ya hesabu, si ya kulia. Kampuni yangu siitaji jina manake bado naitegemea na manake najua kampuni nyingi tu zinafanya hivi hivi, hata HR wao wanafundishana.

Jumapili moja mwezi wa tatu nilikuwa natoka harusini Majengo, nimevaa viatu vya kukodi kwa dada yangu, nikiwa nangoja kuvuka barabara bodaboda ikaja upande ambao haikufaa ikanipitia, kijana akaanguka kule mimi huku. Kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika mara mbili. Nikafanyiwa upasuaji nikawekwa chuma na skrubu, daktari akaandika wiki 10 nisikanyage. Hospitali sina neno, SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa sehemu yake na jamaa wakachanga iliyobaki. Shida ilianza nilipotuma ile karatasi ya daktari kazini.

Sasa fuateni hesabu. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 30 inasema mtu akishamaliza miezi miwili kazini anapata likizo ya ugonjwa siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Basi. Siku 14. Na angalieni ujanja ulioko hapo ndani, kifungu cha 28 cha livu ya mwaka kimeandika siku 21 ZA KAZI, lakini hiki cha ugonjwa kimeandika siku tu, hakijasema za kazi, kwa hivyo HR wetu akahesabu mpaka Jumapili. Siku 14 zikaisha kwa wiki mbili kamili na mimi bado sijatolewa nyuzi. (Najua sheria inasema "isiyopungua", yaani bosi akitaka kuongeza aongeze, na wenzetu wenye union wana CBA, yaani mkataba wa pamoja na mwajiri, yenye siku nzuri zaidi. Sisi hatuna union, na bosi wetu "isiyopungua" anaisoma kama "isiyozidi".)

Wiki ya tatu mama wa HR akaja nyumbani Kisauni. Simsemi vibaya, alikuja na machungwa na maziwa, akakaa kwa kitanda manake kiti kilikuwa na nguo, akatoa fomu kwa bahasha na penseli yake akaniwekea alama ya X pale pa kusaini. Akaniambia, "Dadangu, siki ofu, likizo ya ugonjwa, imeisha, sasa tutakuweka kwa livu yako ya mwaka ndo mshahara usikatike, ama unataka iwe bila malipo?" Mimi mguu uko juu ya mito miwili, nimemeza dawa ya maumivu, landlodi ashapiga simu mara mbili, mtu angeniwekea hata fomu ya kuuza figo ningesaini. Nikasaini. Siku 21 za livu, na sisi tunafanya kazi siku 6 kwa wiki, kwa hivyo ni wiki tatu na nusu. Zikaisha nazo. Wiki nne na nusu zilizobaki nikakaa bila senti, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ikanijua jina, ndugu yangu wa Malindi akalipa nyumba mwezi mmoja, chama wakanipa zamu ya mtu mwingine, Mungu awabariki.

Hapa mtu atasema pole lakini sheria ni sheria. Ngojeni bado.

Kampuni yetu ina ile bima ya ajali ya saa 24 ya wafanyakazi, WIBA Plus wanaiita, yaani mbali na WIBA ya kawaida ya ajali za kazini hii inakushika hata ukiumia nje ya kazi, na ndani yake kuna kipengele cha kukulipa mshahara wa kila wiki ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda. Wenyewe hatukuwa tukijua. Nilijulia kwa dereva mmoja aliyewahi kuipata. Wiki ya kwanza hawalipi, hio ni ya kungoja, halafu wanalipa. Nikajaza klemu, fomu ya kudai bima, mwezi wa nne kutoka kitandani, pesa zikatoka mwezi wa nane, na hazikuja kwangu, zilienda kwa akaunti ya kampuni. Wiki 9. Mshahara wangu ni elfu 30 kwa mwezi, ukigawa kwa wiki inakuwa 6,900 na ushee, kwa hivyo ilikuwa kama elfu 62.

Kampuni ikakaa chini ikapiga hesabu yake. Ikasema sisi tulishakulipa nusu mshahara wiki ya pili, na tulikulipa zile wiki tatu na nusu za livu, jumla elfu 27 na kitu, kwa hivyo hizo ni zetu, tunazirudisha, wewe chukua elfu 34 na ushee iliyobaki. Nikachukua. Na sikatai, ukijumlisha yote pesa zilikuja, wiki 10 zote nimelipwa hata kama nyingine zilichelewa miezi minne. Mtu kulipwa mara mbili kwa siku moja mimi mwenyewe naona si haki.

Lakini siku zangu? Kampuni imerudishiwa pesa zote ilizonilipa kwa ile livu, kwa hivyo livu yangu haijaigharimu hata shilingi, mshahara wa zile siku ulilipwa na bima. Sasa kama livu haikulipiwa na kampuni, mbona imehesabiwa kama nimeitumia? Nilienda ofisini nikauliza hivo hivo, nikiwa na mkongojo mmoja. Mama wa HR akafungua kompyuta akanigeuzia skrini nione mwenyewe: livu ya mwaka, balansi, 0.00. Ziro mbili za mwisho sijui ni za nini, labda kuonyesha wamehakikisha. Akasema, "Sistimu ishafunga, na wewe mwenyewe ulisaini."

Bosi akaamua kunieleza eti livu ni kupumzika na nyumbani nilipumzika. Jamani. Wiki ya kwanza nilikuwa naenda msalani kwa makalio. Hayo ndo mapumziko ya mwaka?

Mwezi wa nane huo huo ilikuwa arubaini ya mamangu, alifariki mwezi wa saba, nikaomba siku tatu niende Kilifi. Jibu likaja kwa imeili, mstari mmoja, kwamba balansi yangu ni ziro, naweza kwenda bila malipo. Nikaenda bila malipo. Hii ndo sababu naandika, si ule mguu.

Sasa niwape mfano wa mwenzangu. Mwezi huo huo wa tatu, mzee wetu wa fokolifti aliangukiwa na paleti mguuni, ndani ya godauni, saa nne asubuhi, mifupa ikavunjika kama yangu tu na tulikuwa tunapigiana simu kuulizana umelala vipi. Yeye ameumia kazini, kwa hivyo yuko chini ya sheria ya WIBA ya 2007. Ukilemazwa kwa muda, siku tatu na zaidi, unalipwa sawa na mshahara wako mpaka urudi, mwisho miezi 12. Livu yake haikuguswa. Alirudi mwezi wa sita akafanya kazi, mwezi wa tisa akachukua siku zake 21 akaenda kwao Taveta kulima. Simwonei wivu, anastahili kila siku. Na hata mimi, kama ile Jumapili ningekuwa nimebebwa na gari la kampuni linaloleta watu kazini bure, sheria ingesema niko kazini. Nilikuwa natoka harusini, basi mguu wangu ukawa wa daraja la chini.

Waheshimiwa, mimi sijasoma sheria lakini sheria imeandikwa kwa lugha ya watu na nimeisoma usiku nikiwa sina usingizi, na kuna kitu nimekiona. Kifungu cha 29, cha likizo ya uzazi, miezi mitatu mshahara kamili, kinasema wazi kwamba mwanamke hatapoteza livu yake ya mwaka kwa sababu amechukua likizo ya uzazi. Walioandika walijua! Walijua kuna bosi atamwambia mama mzazi si ulikuwa nyumbani miezi mitatu, livu ya nini tena. Wakafunga huo mlango kwa sentensi moja. Halafu wakageuza ukurasa, kifungu cha 30 cha ugonjwa, ile sentensi haipo. Ichukueni pale, iwekeni hapa, badilisheni neno uzazi liwe ugonjwa. Wabunge mnapitisha marekebisho marefu kuliko hayo kabla ya chai ya saa nne.

Si kwamba nataka watu wakatazwe kutumia livu wakiwa wagonjwa. Hapana. Kuna mtu siku zake 7 za nusu mshahara zikifika, angependa achanganye, nusu ilipwe kama ugonjwa na nusu ijazwe na livu ili siku moja ya livu impeleke siku mbili. Hio ni akili nzuri na ni chaguo lake. Neno ni chaguo. Na chaguo la kitandani na penseli ya X si chaguo, mtu apewe siku kadhaa, aeleweshwe kuna bima gani kabla ya kusaini, manake mimi ningejua kuna klemu ya kila wiki inakuja ningekopa ningojee, nisingegusa livu yangu.

Binamu yangu yuko Minnesota, anafanya kazi ya kuangalia wazee, mwaka juzi alifanyiwa upasuaji. Akanieleza kazini kwao kuna bima ya ulemavu wa muda mfupi, ilimlipa asilimia 60 ya mshahara kila wiki baada ya siku za kungoja, ile 40 iliyobaki akajaza na siku zake za livu, masaa machache kila wiki, kwa kupenda kwake. Nikamuuliza na kama hungetaka? Akasema hawawezi kukulazimisha. Na kweli, ile sheria yao ya likizo ya familia na matibabu ya 1993, ya wiki 12 za kulindiwa kazi bila malipo, kanuni zake zinasema muda unaolipwa na bima ya ulemavu si muda wa bila malipo, kwa hivyo mwajiri hawezi kukulazimisha uchome livu hapo, wala wewe huwezi kumlazimisha, mkikubaliana nyote kujazia ile tofauti sawa. Na Marekani si peponi, hio sheria inashika kampuni za watu 50 kwenda juu, uwe umefanya mwaka na masaa 1,250, na likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa nchi nzima hawana kabisa. Lakini hata wao, na ubepari wao wote, hilo swali la nani anakula siku za nani walilijibu kwa maandishi.

Tusiende mbali, vukeni Lungalunga hapo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa kwa kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 mshahara kamili na 63 nusu. Ukivunjika mguu Tanga unapona ukiwa bado na likizo. Na wamemfikiria mwajiri pia, wameandika kwamba kama mgonjwa analipwa likizo hio kupitia sheria nyingine au mfuko au mkataba wa pamoja, mwajiri halazimiki kulipa tena. Hapo hakuna kulipa mara mbili na hakuna kuvizia livu ya mtu.

Najua FKE mtasema gharama. Na mimi nawaelewa, kuna mtu ana duka la wafanyakazi wawili Kongowea, mmoja akiugua miezi mitatu akalipwa kamili na akaajiri wa kushika nafasi yake, duka linafungwa. Kwa hivyo sisemi kila mwajiri abebe peke yake. Nasema mfuko. Shirika la Kazi Duniani kwa mkataba wake namba 102 wa 1952 lilishaweka kiwango cha chini, mgonjwa alipwe angalau asilimia 45 ya mshahara mpaka wiki 26, siku tatu za kwanza anaweza kungoja. 1952! Babangu hajazaliwa.

Na nikisema mfuko najua wafanyakazi wenzangu watanitukana, manake peislipu yetu ishakuwa kama mti wa mkwaju, kila anayepita anachuma. NSSF asilimia 6, SHA 2.75, ushuru wa nyumba 1.5, na bado kodi. Lakini ndo nauliza, katika hayo makato yote, ni lipi linakupa unga ukiwa umelala na plasta? SHA inalipa hospitali, haikulipi wewe. NSSF inakungoja uzeeke, ufe, au ulemae moja kwa moja. Ukilemaa wiki 10 halafu ukapona, hakuna anayekujua. Nusu ya watu wanaoniambia hawataki makato mengine ndo hao hao walinichangia kwa M-Pesa mwezi wa tano, kwa hivyo tayari tunachanga, tunachanga tu bila daftari.

Watu wa Mamlaka ya Bima, nyinyi nina ombi dogo kwenu. Mfanyakazi apewe karatasi moja inayosema bima gani kampuni imemkatia, inalipa nini na baada ya siku ngapi. Na klemu ya mshahara wa kila wiki ikitoka, mwenye mguu apate ujumbe, pesa kiasi gani, za wiki zipi, zimeenda kwa akaunti gani. Mimi ile elfu 62 nilijua ni elfu 62 kwa sababu msichana wa bima alinionea huruma akanisomea kwa simu. Na miezi minne kwa kitu kinachoitwa malipo ya kila wiki, hapo sijui niseme nini.

HR, nyinyi ndo nimewaacha mwisho manake ndo tunaonana. Najua kuna watu wananunua karatasi za daktari, najua kuna wale ambao ugonjwa wao unakuja kila Jumatatu, na godauni letu wapo. Washikeni hao. Lakini hamhitaji kungoja bunge ndo mrudishe siku za mtu. Pale mlipopiga hesabu ya kurudisha elfu 27 yenu mlifungua sistimu, ilifunguka vizuri tu, mkaandika. Fungueni tena hapo hapo mwandike 21. Hamtatoa pesa yoyote, zilishatoka kwa bima. Mkiona 21 ni nyingi tukae tuongee, mimi hata nikigawiwa siku mbili mbili kila mwezi sawa, lakini hio ziro yenye ziro mbili nyuma iondoke.

Na si jambo la kuvutana polepole, manake kuna skrubu moja inanichoma nikivaa kiatu, nimerudi kwa daktari wiki jana na amesema itolewe mwezi wa kumi na mbili, wiki mbili za kupumzisha mguu. Mwaka wetu wa HR unahesabiwa Januari hadi Desemba, siku za ugonjwa nilizimaliza mwezi wa tatu, livu ni ziro, na bima nimeuliza wanasema wiki ya kwanza ni ya kungoja kama kawaida. Karatasi ya daktari ninayo hapa, tarehe imeachwa wazi. Niambieni niandike siku gani.

Ni mimi,
karani wa mlango wa pili, Shimanzi